Shukrani kwa wote mliotusitiri na Mjomba

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki, na msio wa salamu hii habari zenu. Kwa niaba ya familia, yani mama yangu, mkaza mjomba, watoto wa marehemu na sisi wapwa tuliokulia mikononi mwake pale Muheza, tunasema Alhamdulillah kwa kila hali. Mjomba tumemzika, arobaini inakaribia, na mimi ndo nimetwishwa kuandika eti kwa kuwa nimesoma, japo kila nikianza naishia kuweka simu chini nalia.

Wiki 3 za hospitali Dar sitaki kuzirudia sana. Ilitakiwa damu, nikaandika kwenye grupu saa 5 usiku, asubuhi nafika nakuta vijana 9 wa bodaboda wa kijiweni kwetu wamejaa kwenye benchi wananisubiri, wengine Mjomba hata hawajawahi kumtia machoni. Akapata nafuu siku 4, akaomba chungwa, nikamletea, akaligeuzageuza akasema hili sio la Muheza, akagoma kula. Tukacheka wote wodini. Jumanne usiku akaondoka.

Alfajiri tukamuosha, tukamvika sanda, safari, nyumbani kaburi linachimbwa na tumeahidi alasiri tutakuwa tumefika. Kufika Mkata gari tuliyokodi ikatoa moshi ikazima. Fundi akafungua akasema gasketi imekufa, leo hii haiendi. Sasa fikiria, maiti ndani, jua lile, mama kakaa chini ya mti anasoma Yasini kwa moyo, simu za Muheza kila dakika mmefika wapi, na kila gari tukiipungia mkono wakiona jeneza wanaongeza mwendo. Siwalaumu, watu wanaogopa. Kina mama wauza chai wa pale walituletea maji, wakavua kanga zao za juu wakazitanda kwenye vioo jua lisimpige, na pesa wakakataa.

Saa 7 hivi likasimama Fuso, limetoka kushusha machungwa Dar linarudi tupu. Dereva aliuliza neno moja tu, maiti ya wapi? Muheza. Akasema pandisheni. Utingo wake akakusanya yale majani yanayotandikwa chini ya machungwa akayapanga katikati, juu turubai, tukamlaza Mjomba. Hapo ndo nililia kweli, mana mzee huyu umri wake wote umeishia kwenye gari la machungwa, na Mungu akamrudisha kwao kwenye gari la machungwa, linanukia vilevile.

Wapwa wote hiyo harufu tunaijua. Likizo ya mwezi wa 6 machungwa yameiva anatupandisha juu ya mzigo tunaenda nae Mombasa, soko la Kongowea, enzi hizo Tanga mpaka Horohoro hakuna lami, kilomita 65 za vumbi, ukishuka mpakani mama yako mwenyewe hakujui. Mara ya kwanza gari linaingia kwenye feri pale Likoni nilipiga kelele najua tunazama, akaniambia lia kwa ndani mpwa wangu, Wakenya wasijue. Akimenya chungwa ganda linatoka moja refu halijakatika, anakuvalisha shingoni. Na lumbesa, lile gunia la kujazwa mpaka juu ya mdomo, alikuwa hataki hata kuiona, anawaambia madalali gunia ni gunia, hicho kilemba kavisheni babu zenu. Ila vocha jamani, bahili, maisha yake yote ni kubipu.

Tulifika tukaiwahi alasiri. Katika kupokelewa na vilio, kugeuka nyuma Fuso limeshaondoka, hakuchukua hata mia na jina hatukuuliza. Kaka yetu dereva, popote ulipo, mama yangu anakuombea kila swala, na kama kuna mtu anamjua tafadhali amfikishie.

Wengine niwataje haraka haraka: madaktari na manesi, sheikh na jamaa wa msikitini, waliochimba kaburi, majirani wa Muheza na Pongwe, wauza machungwa wote, ndugu wa Mombasa na Lunga Lunga mliovuka mpaka usiku, binamu yetu wa Muscat aliyelipia deni lote la hospitali, majirani zetu wakristo mliokuja na kuni na mchele, waliotuma rambirambi kwa simu hata ile buku. Na dada jirani uliyepika siku 3 hujalala huku una mtoto mchanga mgongoni, wewe sijui tukulipe nini.

Najua nimesahau watu. Nisameheni sana, tena sana, daftari la mchango lililowa chai na majina mengine hayasomeki, mtu asinune akasema familia ina ubaguzi, kichwa bado hakijatulia.

Mwenye kumdai marehemu aje kwa mama asione haya. Mpaka sasa aliyekuja ni kijana mmoja kutoka Horohoro, na yeye ndo alikuwa anadaiwa, 40,000, kaileta kaifunga kwenye karatasi.

Dua ya arobaini ni Jumapili baada ya adhuhuri, hapohapo nyumbani, karibuni nyote. Na yule mama aliyetuazima sufuria kubwa lenye rangi nyekundu kwenye mkono, lipo, limeoshwa, njoo ulichukue.