Wenye mbwa tuwafunge kamba Karura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenzangu tunaofuga mbwa jijini Nairobi kwamba Msitu wa Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi binafsi, ni mali ya umma wala si ua wa nyumba ya mtu. Kanuni ya kuwafunga mbwa kamba ipo, lakini wapo wanaowafungua mara tu walipitapo lango, na mbwa anapomrukia mtoto, mwenyewe hupaza sauti kutoka mbali kuwa "haumi". Mtoto atajuaje? Isitoshe, humo wanaishi paa, mbawala na mbega, na hata mbwa aliyeshiba hukimbiza kinachokimbia.

Kinyesi nacho si karaha ya macho na pua tu, kwa kuwa mayai ya minyoo yaliyomo huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi na kumwambukiza mtoto anayechezea hapo. Kwa vile plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020, karatasi za gazeti kuukuu (hata hili lako, Mhariri, uniwie radhi) zatosha kukiokotea.

Kuhusu kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona, napendekeza kila anayeingia na mbwa aonyeshe langoni cheti cha chanjo ambacho muda wake haujapita.

Mfugaji wa mbwa,
Nairobi