Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Dansi Letu na Redio za Sasa

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na habari za ukumbi wa mazoezi mnazo tayari. Mimi naomba nizungumzie redio, maana huko ndiko riziki yetu sisi wa bendi za dansi ilikoguswa mwaka huu.

Kituo kimoja cha hapa mkoani, kilichokuwa kikitupa jioni za dansi kila wiki, kimebadili muziki wake. Sasa kuanzia alfajiri hadi usiku ni Bongo Fleva, singeli na amapiano. Sisi tumebakiziwa saa moja ya zilipendwa Jumapili asubuhi, wakati wasikilizaji wetu wengi wako kanisani. Kamati ilikwenda kuonana na meneja wa vipindi. Alitupokea kwa heshima, akatueleza wazi kwamba wadhamini wanawataka vijana, na vijana wakichoka tu wanahama masafa.

Wazee wenzangu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kabla ya Sheria ya Utangazaji ya 1993, Bara tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Bendi ikirekodi pale, nchi nzima inausikia wimbo, na hakuna aliyeuliza mdhamini ni nani. Radio One ilipoanza 1994, na Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo ule, vituo vikaanza kugombea wasikilizaji. Bongo Fleva ilikua kwa njia hiyo, na mimi nawapongeza vijana wale. Walifanya kazi.

Kinachoniumiza ni jinsi wimbo wetu unavyokatwa. Dansi huanza taratibu, waimbaji wakatoa ujumbe wao, kisha linakuja chemko: gitaa la solo linakaza, ngoma za tumba zinajibu, ukumbi mzima unasimama. Mtangazaji anaukata wimbo wa dakika saba kwenye dakika ya tatu ili aingize tangazo la biashara. Kijana wa miaka 20 anabaki akiamini kwamba dansi ni muziki wa kubembelezea watoto, kwa kuwa chemko hajawahi kulisikia. Simlaumu hata kidogo.

Ndiyo maana kamati inapendekeza kila bendi itengeneze toleo fupi la redio, linaloingia kwenye chemko mapema. Wapiga solo wetu wakongwe walilipinga kwa maneno mazito, na nawaelewa, kwa sababu utangulizi ndio unaoonyesha ufundi wa mtu. Ukumbini wimbo utabaki mzima. Lakini mtangazaji wa jioni wa kituo hichohicho alikubali kujaribu toleo moja, akalipiga katikati ya singeli mbili, na meseji zikaanza kuingia: bendi gani hiyo, wanapiga wapi? Akakosa jibu, kwa sababu faili lilikuwa na namba tu, bila jina la bendi wala la mtunzi. Faili la namna hiyo halimsaidii hata mtunzi kudai mirabaha yake, yaani malipo ya wimbo wake kutumika.

Kwa hiyo viongozi wa bendi, kabla mwezi huu haujaisha mleteeni Katibu nyimbo zenu mpya, kila moja ikiwa na jina lake, mtunzi, waimbaji na wapigaji wote, hadi wa tumba. Meneja amekubali tuonane tena. Safari hii tutaomba jioni moja ya katikati ya wiki, kwa ajili ya nyimbo za sasa. Bendi zetu zipo hai na zinatunga; hatutakubali tena kuwekwa kwenye zilipendwa peke yake.