Alama kwenye kona ya kulia

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ughaibuni. Mimi mzima, natumaini nanyi hamjambo. Baba na Mama waambie barua yao inakuja. Hii ni yako peke yako, maana tangu nitoke sinema jana usiku nakuwaza wewe tu.

Nilikwenda kutazama City Lights ya Charlie Chaplin, kichekesho cha mwaka 1931. Hawakukirusha kwa kompyuta. Walikuwa na mkanda wenyewe wa milimita 35, na mitambo miwili ya kurushia picha imesimama nyuma yetu katika chumba kidogo. Sinema za kuzungumza zilikuwa zimeshika kasi tangu 1927, na Chaplin alijua hivyo, lakini alikataa katakata. Muziki aliuweka, tena sehemu kubwa akaitunga mwenyewe. Maneno ya wahusika yakabaki maandishi kwenye pazia.

Basi ukumbi mzima ulikuwa unasoma! Hakuna aliyekaa pale akipata mazungumzo ambayo wewe usiyesikia ungeyakosa. Kwenye ile ndondi, Chaplin anajibanza nyuma ya refa, na wote watatu wanahama pamoja, kulia, kushoto, kama wachezaji ngoma. Nilicheka hadi machozi. Mzee wa kiti cha pili alinishika bega kwa kicheko, hatujuani kabisa.

Sitakudanganya, vichekesho vya sauti vimo. Mwanzoni waheshimiwa wanahutubia na kinachotoka ni milio ya kukwaruza tu, hicho kingekupita. Baadaye Chaplin anameza filimbi, na kila akishikwa na kwikwi inalia. Hicho ungekielewa, kwa jinsi teksi inavyokuja na mbwa wanavyomkimbilia.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nikose usingizi. Filamu yote haikai kwenye gurudumu moja la mkanda. Moja linapokaribia kuisha, kiduara kidogo kinajitokeza kwenye kona ya juu, kulia, kisha kinapotea kabla hujamaliza kupepesa jicho. Maana yake: washa mota ya mtambo wa pili. Sekunde chache baadaye kinakuja kingine: badilisha sasa! Nilikwenda kumuuliza mwendesha mitambo, akanieleza hayo huku akinionyesha kwa kidole. Picha 24 zinapita kila sekunde, naye anakisubiri kiduara kile bila kuondoa macho. Watazamaji wengi wanaishi na sinema miaka nenda rudi wasikione. Kumbe mkanda nao unasema kwa alama, na unasikilizwa kwa macho, kama wewe na sisi tangu ulipokuwa na miaka minne.

Na mwisho wake. Yule msichana muuza maua alikuwa kipofu, akimdhani Chaplin tajiri kwa sababu tu alisikia mlango wa gari ukifungwa. Chaplin amemtafutia fedha za matibabu ya macho, na fedha hizo zimempeleka jela. Anatoka amechakaa. Msichana sasa anaona, ana duka lake, anamcheka huyu maskini dirishani, kisha anamwonea huruma, anatoka kumpa ua na sarafu. Anapomshika mkono ndipo anapomjua. Uso haujui, hajawahi kuuona kabla ya siku hiyo. Ni vidole vilivyokumbuka.

“Wewe?”

Chaplin anaitikia kwa kichwa. “Unaona sasa?”

“Ndiyo, sasa naona.”

Watu waliokuwa wakiangua kicheko dakika chache tu nyuma walinyamaza wote. Nilitazama mikono yangu gizani, nikakumbuka unavyonigonga kiganjani umeme ukikatika, tunaposhindwa kuona alama za mikono.

Swali langu: Chaplin utampa alama gani ya jina? Nimejaribu vidole viwili chini ya pua, kama masharubu yake, lakini majina unayatoa wewe. Nichoree kwenye barua yako.

Kaka yako