Ute wa yai pekee usiupe mjafari sifa ya dawa

Mhariri,

Jaribio linalopendwa vyuoni kupima kama mmea wa porini unatuliza uvimbe ni la ute wa yai, kwa sababu ni rahisi na halihitaji mnyama. Ute mililita 0.2, bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi) ya pH 6.4 mililita 2.8 na dondoo la gome mililita 2 hukaa kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15, kisha nyuzi 70 kwa dakika 5. Protini ikiharibiwa na joto hufanya ukungu, na spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga, husoma ukungu huo kwenye nanomita 660. Ukipungua, gome la mjafari, mti wa porini, linatangazwa kuwa dawa ya uvimbe.

Hatukubaliani na haraka hiyo. Gome lina tanini, kemikali za mimea zinazoshikana na protini. Tanini hugandisha protini hata kabla ya moto, na mabonge yakizama chini ya tyubu, juu hubaki kweupe na namba hushuka. Tikisa tyubu kabla ya kusoma, na weka nyingine yenye dondoo na bafa bila ute, maana rangi ya gome nayo hupandisha usomaji. Tena diklofenaki, dawa ya hospitali ya maumivu na uvimbe, hutuliza uvimbe kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta uvimbe. Katika ute wa yai kimeng'enya hicho hakimo!

Ushahidi wa maana uko kwenye unyayo wa panya wa maabara, kamati ya maadili ikisharuhusu. Dawa hunyweshwa saa moja kabla, kisha karagenani (kitu kitokacho kwenye mwani, kinacholeta uvimbe) ya asilimia 1, mililita 0.1, hudungwa kwenye unyayo wa mguu wa nyuma. Kundi moja lipewe kimiminika kilichoyeyushia dondoo, bila dondoo lenyewe, na jingine indometasini, dawa ya uvimbe inayojulikana, miligramu 10 kwa kilo. Uvimbe hupimwa kwa kuzamisha mguu kwenye kifaa chenye kimiminika kinachoonyesha ujazo wake, basi chora mstari wa wino kwenye kifundo: mguu ukizama milimita chache zaidi, ujazo wote unapotoka. Anayepima asijue panya ni wa kundi gani.

Pima saa ya 1, ya 3 na ya 5. Mwanzoni uvimbe huletwa na kemikali nyingine za mwili, histamini na serotonini. Prostaglandini hutawala kuanzia saa ya 3. Dondoo linaloshusha uvimbe wa saa ya 1 tu halijafanya kazi ya diklofenaki.

Na majumbani gome huchemshwa kwa maji. Ripoti ya dondoo la methanoli (spiriti ya maabara), bila kulilinganisha na la maji, haimjibu anayekunywa kikombe cha mjafari.

Wakufunzi wa maabara,
Morogoro