Marando kabla ya vyombo

Mayu,

Mama yako amenipa habari za kliniki nusunusu, kama kawaida yake asipotaka nikasirike. Kwamba uzito wa mjukuu wangu haujapanda miezi miwili, na muuguzi ameandika kitu kwenye kadi. Na wewe Jumamosi unapanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu habari ya mbegu, mtandao wako unasumbua.

Marando umeshakata? Naanza na hilo. Viazi lishe havitunzwi kwenye chupa kama choroko. Mbegu yake ni hayo marando, na yakikauka umebaki mikono mitupu. Kata ya shibiri moja na kidogo, yafunge kwenye gunia lenye unyevu, yasipigwe na jua melini. Ukifika, hata vyombo hujapanga, yachomeke pale yanapotokea maji ya bafuni. Siyo wiki ijayo. Nakujua, wewe ni mtu wa wiki ijayo.

Vijiti vya muhogo usibebe kabisa. Wa kwetu una batobato, na kule watu wanaishi kwa muhogo. Usije ukaanza ujirani kwa kuwapelekea ugonjwa.

Mbegu ya mgagani nimekutilia kwenye chupa ya maji, nimechanganya na majivu yaliyochekechwa. Ni ya mwaka jana, usidhani nimekupa makapi. Mbegu mpya ya mgagani ina usingizi: ukiivuna leo ukaipanda kesho haitoki, unaanza kulaumu udongo. Hii nimeijaribu. Nilihesabu 100, nikazikunja kwenye kipande cha kanga kuukuu nilichokilowanisha, nikaweka uvunguni. Mama yako alifikiri nimeficha hela. Zimechipua 71. Ikiota, chagua mashina matatu yenye afya usiyachume hata jani, na maganda yakianza kugeuka njano ukate asubuhi, kabla hayajapasuka yakamwaga kila kitu.

Najua utasema dagaa wapo tele kisiwani. Sina ugomvi na dagaa. Ila mlipokuja mara ya mwisho nilimwona mtoto anapewa ugali na mchuzi, dagaa wenyewe mnakula wakubwa. Watwange wawe unga, uchanganye kwenye uji wake. Kiazi chake kiponde na karanga au mafuta kidogo, kwa sababu ile vitamini A ya kiazi lishe mwili hauipokei vizuri bila mafuta. Mimi hilo nimelijua nikiwa na mvi, wewe umelijua mapema, sasa sioni kinachokuzuia.

Habari ya mimi kupanda pamba hadi ukuta wa jiko, tukakosa mboga, mdogo wako akawa haoni jua likizama, unaijua, sirudii. Bei ilikuwa imetajwa nzuri. Nikwambie tu kwamba mtoto ukimwona anapapasa mlango jua likizama, usimgombeze kwamba anachezacheza. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Mdogo wako anasema hakumbuki. Sawa.

Jingine, daftari. Ulipokuwa unalishika wewe pale benki ya mbegu, tunapokopa mbegu na kuzirejesha, hakuna kilo iliyopotea, na wale wazee waliokuwa wakikuita katoto walikuja wenyewe kukuuliza nani ana funguo ya pili. Sikusema kitu, lakini nilikuwa nasikia. Ndiyo maana nimeona aibu juzi kufungua ukurasa nikakuta jina lako: choroko kilo 2, marejesho kilo 4, halafu nafasi tupu. Nimezilipa. Hazikuwa na bungua, zimepokelewa. Usinitumie hela, nitumie picha ya bustani.

Mume wako mwambie eneo la nyuma ya nyumba asilifanye la kuanikia nyavu zote. Abakize hatua sita kwa nne za bustani, hata tano kwa tatu. Mwambie kwa upole, ana haraka kama mimi nilivyokuwa.

Redioni walisema utafiti wa 2022 ulikuta watoto 3 katika kila 10 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Nilizima. Kadi ya kliniki uende nayo kule, usiiache kwenye kabati.

Huku mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja dhaifu. Bati la jikoni bado linavuja palepale. Nsansa za mama yako, yale majani ya kunde ya kukausha, zimekauka, atakufungia kiroba. Na lile dumu la njano analiulizia kila siku, liache kwa dada yako kule Kirumba, Mwanza, usivuke nalo.

Gunia la marando lilowanishe Ijumaa jioni, siyo asubuhi ya safari.

Baba yako