Mwanangu, kwenye ile video mbona mdomo haufunguki?

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Siku tatu sijakujibu na simu nilikuwa nayo, ila nilikuwa naiangalia ile video ya Jumapili, nimeirudia sijui mara ngapi. Mama yako kafurahi, kawaonyesha mpaka majirani hapa Gungu, Kigoma, kwamba mwanangu anapiga kinanda kanisa kubwa Tabora mjini, na kweli umepiga, vidole vinatembea, hilo nakupa hongera yako kabisa. Lakini mimi nilikuwa naangalia mdomo. Wimbo mzima, beti nne na pambio, mdomo wako umefungwa. Na watu walioko nyuma yako wanapiga makofi tu, wanaoimba ni wale watatu wenye maiki. Nikaweka simu sikioni nisikie kusanyiko, sikusikia mtu.

Kwa nini sisi wa Kanisa la Kristo hatuna vyombo vya muziki unajua, sirudii Waefeso 5:19 wala Wakolosai 3:16 zinazotuambia tuimbe. Na najua utanijibu na Zaburi ya 150, matari na matoazi, vijana wa hapa wanaotaka tununue kinanda wananiletea hiyohiyo, na imeandikwa, siwezi kuifuta. Ninachowaambia ni kwamba ile ilikuwa ibada ya hekalu, Walawi na vyombo vyao na dhabihu zao, ila barua za mitume zisome zote, kusanyiko limeambiwa liimbe, hukuti limeambiwa lipige. Na sio sisi tu na ushamba wetu kama ulivyowahi kusema. Waorthodoksi wengi karne na karne wanaimba kwa sauti tupu, hata hilo neno akapela ni la Kiitaliano, maana yake kwa namna ya kanisani. Wenzetu Marekani waligawanyika mpaka sensa ya 1906 ikawaandika makanisa mawili, na kinanda kilikuwa mojawapo ya sababu. Mimi na wewe sitaki tufike huko. Sijakubali, lakini sikukatazi. Ila unaimba? Nijibu hilo tu.

Jumapili mvua ilitukamata katikati ya wimbo, tukiwa tunaelekea Meza ya Bwana, bati linapigwa hadi mimi niliyesimama mbele sijisikii. Na nilikuwa nimeanzisha juu mno kwa sababu ya yale makelele, tulipofika kwenye pambio akina mama wakakwama, unaona kabisa shingo zimekaza sauti haitoki. Nikawa nawaza nisimamishe tuanze upya. Kabla sijanyoosha mkono, yule mzee wa Katonga anayeuza mbao akaushusha mwenyewe kule nyuma, kwa besi yake ile nzito, wa pembeni wakamfuata, sauti ya pili ikatafuta pa kukaa ikapata, ya tatu ikaingia, tukamaliza beti zote. Najua kinanda nacho kina kitufe cha kushusha, lakini wewe ukiwa huimbi utajuaje kwamba kuna mama amekwama?

Wewe ni besi kama babu yako. Huwezi kuniambia besi ile imeishia kwenye vidole.

Na ile ya kidato cha pili, pale nilipokwambia mbele ya watu kaa kimya kwanza mpaka sauti itulie. Nilisema kwanza. Sauti ilikuwa inaruka, mwimbishaji yeyote angesema vile. Sasa ilitulia lini mimi sikumbuki, mama yako anasema hukuwa hata umefika kidato cha tatu, na kwamba nilikuwa nakusikia unaimba mwenyewe bombani ukichota maji. Mwaka ule ndo ulikuwa wa mambo ya mtumbwi, kichwa hakikuwepo. Ilitakiwa nikuite urudi kwenye mstari. Mama yako kaniambia niandike hilo, ila hata asingesema ningeandika.

Huko chuoni kula vizuri, ulivyo kwenye video mashavu yameisha. Wiki hii giza la mwezi limeanza, dagaa wamejaa Kibirizi, nimempa konda wa basi la asubuhi ndoo ndogo ya dagaa na lita tano za mawese, kifuniko nimekifunga kwa kamba ya bluu, ukikuta imekatwa niambie kabla hujaondoka stendi. Dagaa waanike tena kidogo, walishika unyevu. Bati la jikoni linavuja palepale pa siku zote, nangoja hela ya mbao zangu. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu.

Jumapili kabla hujaenda kwa hao wenzako nipigie, sio video, simu ya kawaida, uniimbie ubeti mmoja. Wowote. Mama yako atashika sauti ya kwanza, mimi ya tatu, besi tunakuachia, na ikiruka iache iruke, hakuna atakayekukatisha. Piga mapema, saa mbili mimi naenda kufungua kanisa. Na mdogo wako anauliza kama chaja yake uliondoka nayo.

Baba yako