Kabla hujasema saa yako janja inadanganya kuhusu usingizi

Lalamiko ni lile lile, linabadili sura tu: "Fundi, nilikuwa macho mpaka karibu alfajiri, saa inasema nimelala masaa saba. Ni mbovu." Juzi mteja mmoja ameongeza na la kwake, kwamba tulimtoza pesa kwa kubonyezabonyeza menyu ambayo hata mtoto angeibonyeza. Sawa. Tueleze kinachobonyezwa, na kisichobonyezeka.

Saa haikuoni ukilala. Ina kihisi cha mwendo, na mgongoni ina taa za kijani zinazomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kila moyo unapopiga mwanga unaorudi hupungua kidogo, na hapo ndipo mapigo yanapohesabiwa. Mkono ukitulia na mapigo yakishuka, programu inakisia kwamba umelala. Kwenye maabara ya usingizi mtu hubandikwa waya kichwani, pembeni ya macho na kidevuni, halafu usiku mzima hukatwa vipande vya sekunde 30 na kila kipande hupewa hatua yake ya usingizi: macho, usingizi mwepesi, mzito au wa ndoto. Saa yako haisomi ubongo hata kidogo. Ukijilaza kimya unawaza madeni, itaandika umelala. Huo si ubovu, hakuna fundi wa kuutengeneza, na sisi tunausema kabla ya kupokea kazi. Anayekuahidi kwamba ataifanya saa isome usingizi mzito sawasawa na hospitali, mwulize anatumia kifaa gani.

Kinachotengenezeka kipo, na mara nyingi kiko kwenye mkanda. Watu huvaa saa kama bangili, inazunguka mkononi usiku kucha. Zima taa ya chumba uangalie: ukiona mwanga wa kijani unamulika shuka, mwanga unavuja na saa inakisia zaidi kuliko inavyosoma. Ipandishe juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja hivi, ikae isiteleze. Sasa wengine wakisikia hivyo wanakaza mpaka asubuhi ngozi ina alama. Ukikaza sana unaisukuma damu itoke pale pale panaposomwa, na usomaji unaharibika vilevile. Mwenye tatuu nyeusi mahali hapo ahamie mkono mwingine, maana wino unazuia mwanga, kisha akumbuke kuiambia programu kwamba amebadili mkono.

Tunakuja kwenye njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote: kulinda au kusafisha mgongo wa saa kwa akili ya nyumbani. Kuna kaka alibandika plastiki ya kioo cha simu juu ya kihisi ili kisikwaruzike. Alikuja analalamika betri, kumbe na mapigo yalikuwa hayasomeki. Huyo alipona kwa kubanduliwa tu. Mwingine alisugua mgongo kwa dawa ya meno kutoa mikwaruzo, kioo kikawa na ukungu, mwanga ukawa unatawanyika. Kwake ilibidi kubadili kioo cha nyuma chote, kazi ambayo kitambaa chenye unyevu kingemwepusha nayo. Na wapo wanaobadilishiwa betri kwa bei ya kutupa, saa inafungwa kwa supaglu iliyotambaa hadi juu ya kihisi. Kutoa gundi hiyo bila kuvunja kitu ni kazi ya taratibu mno. Wakiona bei yetu wanasema ghali. Bei ile ni ya kufungua kwa joto la kiasi, kusafisha, kuweka mpira mpya wa kuzuia maji na kufunga upya.

Kuhusu menyu sasa. Mteja akilia kwamba saa haionyeshi hatua za usingizi, tunafungua kwanza sehemu ya mapigo ya moyo. Mara nyingi amepunguza usomaji uwe kila baada ya dakika 10 ili betri idumu, au hali ya kuokoa chaji inajiwasha yenyewe usiku. Kwa data chache namna hiyo programu itapata wapi hatua? Kisha tunaangalia umri, uzito na urefu alioandika (hapo tunakutana na mengi), saa za kulala alizopanga, na kama simu inaiua programu ikiwa nyuma ya pazia. Wafanyakazi wa zamu wanaumia hapa zaidi, kwa sababu baadhi ya vifaa hutafuta usingizi mkuu usiku tu, na usingizi wa mchana huuita wa kujinyoosha au huuacha kabisa. Tukimaliza, mteja anakaa ametulia, tunalinganisha mapigo ya saa na ya mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo. Yakiendana, kihisi ni kizima na tunamwambia hivyo, hata kama alitamani tumwambie anunue mpya.

Tafadhali usiifute saa yote kabla ya kuja. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani kunaweza kufuta kumbukumbu ambayo haijahamia kwenye simu, na vifaa vinavyokupima kwa kukulinganisha na kawaida yako vinaanza kujifunza upya. Dada mmoja alivaa saa za kampuni mbili, moja kila mkono, akaja kutaka tumwambie ipi inasema kweli. Kila kampuni ina hesabu yake, na hubadilika hata ndani ya kampuni moja: Apple Watch ilianza kuonyesha hatua za usingizi mwaka 2022 na watchOS 9, toleo la programu inayoendesha saa hiyo. Namba zikiruka baada ya kusasisha programu, usikimbilie kumlaumu aliyeigusa mwisho.

Ukija kwetu, njoo na karatasi ya usiku kadhaa: ulizima taa lini, uliamka lini, uliamka katikati au la. Makadirio yanatosha, usikeshe ukitazama saa ili uandike. Tutalinganisha muda wa kulala na kuamka, kisha mwelekeo wa wiki. Dakika za usingizi mzito za usiku mmoja hatuzibishanii. Njoo pia na mkanda unaolala nao, si ule wa harusini, pamoja na chaja ya saa na simu yenyewe ikiwa na nywila unayoikumbuka.